Duara Lisiloota Majani

Ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kapata ni nani aliyeanzisha ngoma ya akina mama kule nyuma ya nyumba za mwisho, atakuambia ni Mama Florentine. Ukimwuliza Mama Florentine mwenyewe, atakuambia ni tansiyo, ile ambayo wengine wanaiita presha. Wala hatanii. Bila tansiyo, mama huyu angekuwa bado amekaa mlangoni pake, anachambua maharage na kuhesabu malori.

Mumewe, Gaston, alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya kampuni ya mgodi, na nyumba ya matofali ya mstari wa tatu ndiyo aliyomwachia alipofariki. Baada ya mazishi Florentine aliacha kulala. Si kwamba alilala vibaya, la, hakulala kabisa. Usiku kucha alisikiliza bati likilia, na asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba hata ndala hazimwingii. Nesi wa zahanati alimpima mkono, akatazama kile kisaa chake, akapima tena. "Mama," akasema, "meza dawa, na utembee. Nusu saa kila siku. Usipotembea, utamfuata mzee."

Sasa mtu wa Kapata atembee wapi? Siku ya kwanza alishika barabara kubwa, ile ya malori ya mawe. Alirudi mwekundu kwa vumbi kuanzia kilemba hadi vidole, anakohoa kuliko alivyokwenda. Siku ya pili akapita nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wenye mti mkubwa wa masuku na kichuguu kirefu kuliko mtu. Pale hewa ilikuwa safi. Lakini ukienda mbele kidogo tu unaingia mashamba ya mihogo ya watu, na mwanamke anayerandaranda peke yake katika mihogo saa kumi alasiri, kila mtu atajua anaiba sombe, majani ya mihogo. Kwa hiyo Florentine, kwa kulinda jina lake, akawa anakizunguka kichuguu. Raundi moja, raundi ya pili, raundi ya ishirini.

Wa kwanza kumwona alikuwa Bilkisi. Huyu ni mama wa soko, anauza samaki wakavu na vitenge, babu zake walitoka Kasongo na mumewe ana lori linalokwenda hadi Dilolo. Alisimama chini ya mti wa masuku akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita yaya, yaani dada.

"Yaya Florentine! Unazunguluka sawa mbuzi ya kufunga kamba! Nani alikufunga?"

"Nesi," Florentine akajibu bila kusimama.

Bilkisi akaacha kucheka, maana naye alikuwa na sukari, na nesi wake alimwambia maneno yale yale. Kesho yake walikuwa wawili. Na kwa kuwa kutembea bila kufika popote kunachosha roho, wakaanza kuimba. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Florentine aliimba za kanisani, Bilkisi aliimba za harusi za kwao, na nyimbo hizo mbili, Mungu anisamehe, hazikupatana hata kwa bahati mbaya.

Dirisha la jiko la Tata Donatien, yaani Mzee Donatien, linatazama uwanja ule. Tata Donatien aliendesha treni ya mgodi maisha yake yote, na mtu aliyeendesha treni hawezi kuvumilia kitu kinachokwenda bila mapigo. Alivumilia siku nne. Siku ya tano alitoka na bidoni tupu, dumu la plastiki, mkononi, akapanda juu ya kichuguu, akaketi.

"Bamama, mi naomba. Mutaniua. Muchague wimbo moja, na mi nitabapigia."

Akapiga. Miguu ya wale wawili ikaacha kutembea, ikaanza kucheza. Ndivyo hivyo tu, hakuna siri nyingine.

Hiyo ni miaka minne sasa. Bidoni lilibadilishwa kwa ngoma ya kweli, na wanawake wawili wakawa ishirini na watatu. Wanauita Muzunguluko. Kila Alhamisi saa kumi wanavua viatu chini ya mti wa masuku, wanashikana mikono, wanakwenda kwa kulia: hatua mbili mbele, moja nyuma, unainama, unagusa udongo, unapiga makofi. Hatua ya kuinama ilitoka kwa mama mmoja Mlunda. Ile ya kutikisa mabega aliileta Bilkisi, na yeyote asiyeiweza anatozwa kicheko. Aliye na huzuni anawekwa katikati ya wawili wenye nguvu, naye anabebwa tu na mikono. Hakuna anayemwuliza kitu.

Viatu ni marufuku. Sheria hiyo ni ya Florentine. Yeye alisema wazi kwamba dawa yenyewe iko chini: ubaridi wa udongo baada ya mvua, joto lake wakati wa kiangazi, upepo unaotoka ng'ambo ya mihogo na kukupiga kifuani ukigeuka upande wa mashariki. Uyoga ukichomoza kwenye kichuguu mvua zikianza, wao ndio wanaojua kwanza. Masuku yakiiva wanacheza wakisikia yanadondoka, puu, puu, na Tata Donatien anayachukua kama mapigo ya ziada. Siku ya Alhamisi Florentine analala kuanzia saa tatu hadi jogoo. Nesi alipompima tena aliuliza anameza dawa gani mpya. "Ile yako," Florentine akamjibu, "na Tata Donatien."

Bila shaka miguu arobaini na sita haiachi kitu. Majani yalikufa zamani pale wanapopita. Likabaki duara pana, jekundu, gumu, linalong'aa kama sakafu iliyosuguliwa. Akina mama waliliona fahari yao. Walilifagia kuliko walivyofagia nyua zao.

Basi, mwezi wa pili mwaka huu Florentine alikwenda Kisenge kumwona binti yake aliyejifungua. Wakati wa kurudi, lori lililombeba likatoboka tairi alfajiri kwenye barabara ya Dilolo, kando ya ukuta mrefu wa mabati. Abiria wakashuka wakinung'unika. Ukungu ulikuwa mzito, juu ya ukuta huoni kitu. Lakini Florentine hakuhitaji kuona, alipajua. Nyuma ya ukuta ule ni kilima cha Kasangala, na chini ya kilima hicho ndipo alipozaliwa, kabla ya kijiji kuhamishwa na ukuta kujengwa. Na pale barabarani, nje ya mabati, yalikuwepo maua. Yale madogo ya zambarau, ya kwao. Hakuwa ameyaona tangu usichana.

Alichukua kijiko katika mzigo wake, akachimbua. Alijaza beseni zima, maua na udongo wake wa kijivujivu, akalifunika kwa kitenge. Dereva akauliza mama anabeba nini. "Mboga," akasema.

Jumatatu, kabla watu hawajaamka, alichimba mfereji mfupi kwenye ukingo wa duara upande wa mashariki, hatua nne kwa urefu, akamwaga udongo ule, akapanda maua yake. Alitaka kuwashtua wenzake siku ya Alhamisi. Angesimama pale akiwa amevaa kitenge kipya, angesema, "Haya, muone zawadi yenu."

Lakini Mama Noëlla alimwahi. Mama Noëlla ni kiongozi wa kwaya, mtu mwema, ila kwake hakuna kitu kinachotokea hivi hivi. Mbuzi akipiga chafya, ni ishara. Alhamisi hiyo alifika wa kwanza, akaona maua ya zambarau yamesimama pale ambapo wiki iliyopita hapakuwa na kitu, akapiga magoti palepale na mkoba wake begani.

"Mungu ameona ngoma yetu!" akalia. "Ameipamba!"

Wengine walipofika wakamkuta anatokwa machozi, nao wakaanza. Florentine akafungua mdomo. Akaufunga. Sasa ungekuwa wewe ungesema nini? Alijiambia atasema wakitulia. Hawakutulia. Dominika, Mama Noëlla alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele, na Florentine aliyekuwa benchi ya tatu akaangalia vidole vyake vya miguu. Bilkisi, ambaye msikitini kwake habari ilikwishafika, alimwuliza pembeni, "Yaya, wee unaona ni muujiza kweli?" Florentine akajibu kwamba Mungu ni mkubwa. Hapo hakusema uongo. Lakini kila siku iliyopita, maneno yale yalizidi kuwa mazito kutoka mdomoni.

Na hapo, mwezi wa tatu, akaja Merdi.

Lazima nikueleze jambo moja ambalo kila creuseur analijua, na creuseur ndivyo tunavyomwita kijana anayechimba shaba kwa mikono yake. Shaba ikiwa nyingi ardhini, inaua majani. Miti inakimbia, kilima kinabaki na upara. Kitu kimoja tu hakiogopi: lile ua dogo la zambarau. Kijana anajifunza hilo kabla hajajifunza kushika mtalimbo. Sasa fikiria Merdi, mtoto wa mji wa Manono, miaka ishirini na sita, mkubwa wa kundi la vijana wanane, anapita nyuma ya Kapata akitafuta njia ya mkato. Anaona nini? Ardhi yenye upara safi. Maua ya zambarau pembeni. Na wanawake ishirini na watatu wanaizunguka kila wiki wakiimba. Hata mimi ningefikiria vile.

Alikuja Alhamisi katikati ya ngoma, na mtalimbo, na kamba, na wenzake wawili. Alikuwa na adabu, alivua kofia.

"Bamama, jambo yenu. Tunasikitika kubakatia ngoma. Lakini tumeelewa. Mutu hachezake bure nafasi moja miaka ine. Muko munachunga matiere ya shaba."

Tata Donatien alikaribia kuanguka kutoka kichuguuni.

"Matiere gani? Wee mutoto, hii ni ngoma!"

"Tata, majani iko wapi?"

"Majani haioti juu ya sisi kuikanyaga!"

"Na maua je?"

Kisha Mama Noëlla, kifua mbele, akasema, "Maua ni ya Mungu."

Merdi akatabasamu. "Ndiyo nasema vile, mama. Mungu njo anaiwekaka pa shaba."

Alikuwa amekwishaonana na mkubwa wa kata, ambaye alimjibu waelewane wenyewe na akina mama, kisha akaendelea na usingizi wake wa mchana. Walibishana mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba. Mwishowe Tata Donatien, kwa hasira, akasema kama wanaamini ni shaba inayozuia majani, basi watoe miguu waone. Merdi akafikiri, akakubali. Wiki tatu. Mvua bado zipo. Mtu asikanyage duara, asipande kitu. Majani yakiota, yeye na vijana wake watakwenda zao na hawatarudi. Yasipoota, hapo hapo panapokataa kuota, shimo linafunguliwa.

"Naapa," akasema, na alionekana mtu wa kiapo.

Florentine alikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Neno moja tu: nilileta mimi, katika beseni. Alimwangalia Mama Noëlla, akakumbuka kanisa zima na vigelegele vile, na ulimi ukagoma. Aliona ni rahisi kuyaamini majani. Hapo alikosea sana, na alijua anakosea.

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo, kwa sababu ardhi iliyopigwa na nyayo miaka minne haioti hata kama ni ya bustani ya askofu. Ilibidi kulima. Akina mama walikwenda nyumbani kuchukua majembe, wakajipanga katika duara lao, wakaivunja sakafu yao wenyewe. Wengine waliona uchungu. Bilkisi alipiga jembe mara tatu, akasimama, akasema ni kama anabomoa nyumba yake. Tata Donatien akawapigia polepole, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Walipofika upande wa mashariki Mama Noëlla akanyoosha mkono.

"Mutu asiguse maua ya Mungu. Muzunguluke."

Wakayapita. Florentine naye akayapita, shingo imekakamaa.

Wiki ya kwanza walijaribu kucheza uani kwa Bilkisi. Uani pana saruji, na kamba za kuanikia, na bata wawili wakorofi. Wanawake ishirini na watatu walizunguka kwa kukanyagana, na bata mmoja akamng'ata mke wa mwalimu. Wiki ya pili Mama Noëlla aliomba ukumbi wa kwaya. Walisogeza viti vya plastiki, wakafungua madirisha mawili yanayofunguka. Ngoma ililia mpaka masikio yakauma, jasho likatiririka, hakuna upepo wa kugeukia. Walipoinama kugusa chini, mikono ilikuta saruji na unga wa chaki. Waliimba nyimbo zote, wakashukuriana, wakaenda makwao wamechoka tu. Hakuna aliyecheka njiani.

Siku ya kumi Florentine aliamka na miguu imevimba. Alijaribu ndala, zikakataa. Aliogopa, tena sana. Hofu yake haikuwa ya kufa, kufa alikwishakukubali tangu Gaston. Aliogopa kurudi kuwa yule mwanamke wa zamani, wa kusikiliza bati, anayejua ni malori mangapi yanapita kati ya saa nane na alfajiri. Kama uwanja ule ukigeuka shimo, hakuna uwanja mwingine Kapata. Kila sehemu iliyo wazi imekwishanunuliwa au kuzungushiwa ukuta. Na yeye ndiye aliyewaita wachimbaji, kwa kijiko chake.

Kila jioni alijikokota hadi mti wa masuku na kutazama. Siku ya tisa palikuwa na vumbi la kijani, ukiinama tu ndipo unaliona. Siku ya kumi na mbili ilinyesha mvua kubwa, na siku ya kumi na tatu majani yalisimama. Nyasi, mchicha wa mwitu, hata mche mmoja wa masuku uliokuwa umelala chini ya miguu yao wakati wote ule. Tata Donatien alikuwa anaita watu dirishani. "Muangalie! Muangalie! Nilisema nini?"

Florentine aliangalia upande wa mashariki. Pale kwenye hatua zake nne, hapakuwa na hata jani moja. Udongo wa kijivu ulikaa uchi, na maua ya zambarau yakasimama juu yake, yamenona, yamefunguka yote. Hayakuwahi kupendeza vile. Alitamani kuyang'oa. Aliinama hata akalishika moja, vidole vikakataa, akarudi nyumbani analia kwa hasira.

Alhamisi ya ahadi, saa kumi, watu wote walikuwepo. Merdi alikuja na vijana wake wote wanane. Alitembea kuzunguka duara taratibu, mikono nyuma, akitazama majani kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Akina mama walimfuata kwa macho, wengine wameanza kutabasamu. Alifika mashariki. Akasimama. Akachuchumaa, akafikicha udongo kwa vidole, akaunusa.

"Bamama, mi niliapa," akasema kwa sauti ya chini. "Pengine pote, ni yenu. Lakini hapa, hapana. Hapa shaba iko."

Kijana mmoja akamkabidhi mtalimbo.

"Ngoja," Florentine akasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Watu wote wakageuka.

"Hii udongo nilileta mi. Na maua. Nilibeba katika beseni, nikapanda Jumatatu asubuhi. Noëlla, unisamehe. Hakuna muujiza. Ni mi Florentine na kijiko."

Mama Noëlla akashika mkoba wake kwa mikono miwili. Bilkisi akasema "Eeeh!" ndefu iliyofika hadi mihogoni. Merdi akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu aliyesikia hayo mara nyingi.

"Mama, kila mutu mwenye kiwanja anasemaka uongo ya namna hiyo. Asema udongo ni ya kuleta, asema ni ya kwa babu. Mi nawezaje kuamini?"

Florentine alimnyang'anya jembe mke wa mwalimu, aliyepitia shambani, akasogea na ile miguu yake iliyovimba, akalipiga jembe kando ya ua la kwanza. Mara moja, mara mbili. Udongo wa kijivu ulipanda, unene wa kiganja tu. Pigo la tatu likaleta udongo mwekundu, ule ule wa Kapata nzima, wenye mizizi ya majani, na ndani yake nyungunyungu mnene akijikunjakunja kwa kuudhika. Florentine alimwokota, akamweka katika kiganja cha Merdi.

Merdi alimtazama nyungunyungu. Alitazama mstari ule, juu kijivu, chini nyekundu, umekatwa sawasawa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na vijana wake nao wakashikwa.

"Huyu haikalake pa shaba," akasema akijifuta macho. "Mama! Ulibeba mugodi muzima katika beseni! Wiki tatu tunangojea beseni!"

Hata Tata Donatien akacheka. Kicheko kilipopungua, Merdi akauliza, kwa udadisi wa kazi tu, "Ulitoa wapi? Maana ni udongo muzuri, hii."

"Kasangala," Florentine akasema. "Pa barabara ya Dilolo. Njo pale nilizaliwa. Kama maua inafunguka tulikuwa tunapanda juu ya kilima, sisi batoto banamuke, tunacheza tunazunguluka, maana hakuna miti ya kutukatalia. Sasa kuko ukuta. Nikafikiria, bon, kama siwezi kuingia, nitaleta kidogo huku. Nikanyage kwetu mara moja moja."

Merdi hakucheka tena. Alimweka nyungunyungu chini, akajipangusa mkono kwenye suruali kwa muda mrefu.

"Mama. Mi nilitumika kazi Kasangala, miaka mbili."

"Ndani ya ukuta?"

"Ndani." Alitafuta maneno. "Kilima haiko tena, mama. Tulimaliza. Ni shimo. Mutu akisimama pa chini, lori ya juu anaiona sawa kidole."

Florentine alibaki na jembe mkononi. Upepo ulipita juu ya majani. Alikumbuka ukungu wa alfajiri ile, jinsi alivyosimama kando ya mabati akiwa na furaha, akiamini kilima kiko pale nyuma, kimekaa tu, kinamsubiri. Alitaka kukasirika na kijana huyu, na hakuweza. Kijana alikuwa na mikono ambayo ingeweza kuwa ya mtoto wake mwenyewe, imejaa makovu.

Merdi akapiga magoti. Alikusanya udongo wa kijivu uliotawanywa na jembe, hadi punje zilizorukia kwenye nyasi, akaurudisha mahali pake kwa viganja. Alisimamisha ua lililolala, akalikandamiza taratibu kwenye shina. Vijana wake walimtazama, kisha mmoja akashuka naye, akaanza kuokota. Akina mama ishirini na watatu walisimama wakiwaangalia wachimbaji wakirudisha udongo ardhini.

Walipomaliza, Merdi akavaa kofia. "Iko yote, mama," akasema. "Hatukuacha hata kidogo." Wakaondoka na mtalimbo wao kupitia mihogoni, na hakuna aliyewashuku kuiba sombe.

Sasa likabaki lile jingine. Wanawake walikuwa wamevua viatu, mikono inashikana mmoja mmoja, na mahali pa Florentine siku zote ni kushoto kwa Noëlla. Alisimama nje ya duara na jembe lake. Hakuthubutu kusogea.

Mama Noëlla alikohoa.

"Mi nilishuhudia mbele ya kanisa muzima, Florentine."

"Najua, yaya."

"Nilisema Mungu ameleta maua." Alitazama yale maua, akamtazama Florentine, miguu ile, macho yale. Akavuta pumzi. "Dominika nitasimama tena. Nitasema alituma mwanamuke na beseni. Acha hiyo jembe, unatuchelewesha."

Akanyoosha mkono. Florentine akaushika. Tata Donatien akapiga, na duara likaingia kwenye majani mabichi, hatua mbili mbele, moja nyuma. Zamu yake ilipofika mashariki aliinama pamoja na wengine, akaweka viganja vyote viwili juu ya udongo wa kijivu, akakaa hivyo kwa pigo moja, mawili, matatu zaidi ya wimbo. Wenzake wakamsubiri. Kisha wakamwinua kwa mikono, na akaendelea kucheza huku akilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.